Kaa wa Bosi

Mwenzio leo nimeumbuka.

Si nilikwambia wakaguzi wa mto wanakuja mgodini? Na mto wenyewe unaujua, sumu ya madini imemaliza kila kitu, unapindua jiwe hukuti hata mdudu.

Basi bosi akanituma mto wa pili nikalete ndoo ya kaa. Nikawamwaga majini kabla wageni hawajafika.

Bosi kasimama, kifua mbele: “Kaa hawa wamezaliwa hapahapa.”

Wakatoka. Wote. Sikutanii, wote. Wakapanda ukingo, wakapita juu ya viatu vyake, moja kwa moja hadi kwenye ndoo niliyosahau kuificha. Imelala ubavu, ina vijimaji vya kwao. Wakaingia.

Wamezaliwa hapahapa, anasema.

Mkaguzi mmoja akauliza taratibu, “Mbona wanahama?”

Bosi: “Wamekuja kuwasalimu.”

Kuwasalimu.

Mimi namuwaza mama tu, anachota maji ya mto huohuo hapo chini. Nimempigia amwage mapipa yote.

Wakaguzi wanarudi kesho. Bosi kaniita pembeni, nikajua nafukuzwa. Kumbe ananituma tena:

“Safari hii leta konokono. Hao hawana mbio.”