Dakika Tatu Mbele ya Madiwani

Nyborg, Minnesota
Februari 11, 2019

Mwanangu Renae,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Curtis, na kwamba mvua za huko Tacoma hazijawaotesha ukungu. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Wiki iliyopita shule zilifungwa siku tatu na gari langu lilikataa kuwaka mara mbili. Baba yako anakula vizuri. Jana alimaliza viazi vyote akaniuliza kama nimeshapewa likizo, maana anadhani mimi ni mpishi wa pale nyumba ya wazee. Nikamwambia bado. Akasema atazungumza na wakubwa.

Nakuandikia kwa sababu najua utaliona kwenye tovuti ya kaunti, na ni heri ulisikie kwangu. Madiwani wanataka kuifunga nyumba ya wazee. Wanasema jengo limechakaa, wauguzi hawapatikani, na kaunti ndogo kama yetu haiwezi tena kuibeba. Wazee thelathini na mmoja watatawanywa. Mahali pa karibu panapopokea watu waliopotewa na kumbukumbu kama baba yako Orville ni mwendo wa saa mbili, na unajua macho yangu. Barabara kuu siiwezi tena, sembuse kwenye theluji. Sasa hivi namwendea kila siku nikamlishe chakula cha mchana. Huko ningemwona labda Pasaka na Krismasi.

Kutakuwa na kikao cha kusikiliza wananchi Machi 12. Usipige simu, unajua siisikii vizuri. Niandikie.

Mama yako

*

Tacoma
Februari 19

Mama mpendwa,

Barua yako imefika. Sisi wazima, na mgongo wa Curtis umepata nafuu. Anakusalimu sana.

Nimeisoma mara mbili, kisha nimefanya la kufanya. Kuna nyumba ya wazee dakika kumi kutoka kwetu, na wamekubali kumshikia Baba kitanda mpaka mwisho wa Machi. Wewe utakaa chumba cha chini, kina dirisha na bafu lake. Nyumba ya Nyborg tutaiuza kiangazi. Mama, una miaka sabini na tisa. Hao madiwani watano wameshaamua, vikao kama hivyo huwa vya kuonekana tu.

Miaka miwili iliyopita ulimpeleka Baba pale ghafla, hata sababu hukunieleza vizuri. Nilikwambia siku ile kwamba mngekuja kwetu moja kwa moja. Tafadhali usianze ukaidi.

Binti yako, Renae

*

Nyborg
Februari 27

Renae,

Sisi hatujambo. Ahsante kwa kuhangaika.

Ila umemwekea baba yako kitanda kabla ya kuniuliza mimi, niliyelala naye kitanda kimoja miaka hamsini na mitatu. Huko Tacoma hatamjua mtu. Huku pia hamjui mtu, hilo nalikubali, lakini huku wao wanamjua yeye. Glenda anayemwogesha alikuwa akipanda basi la shule ambalo baba yako aliliendesha. Anajua kwamba hataki kupakwa sabuni usoni, na kwamba akianza kuhangaika ukimuuliza habari za basi lake atatulia.

Chumba chako cha chini nakifahamu. Kina ngazi kumi na nne.

Mama yako

*

Tacoma
Machi 19

Mama mpendwa,

Hujambo? Karibu wiki tatu sijapata barua yako, na si kawaida yako. Samahani kwa habari ya kitanda. Nilipaswa kukuuliza kwanza.

Nimesoma kumbukumbu za kikao kwenye tovuti. Zimeandikwa hivi: "Bi. Ardis Tveit wa Nyborg alizungumza akipinga kufungwa. Diwani Brekke aliuliza swali. Bi. Tveit alijibu. Kura imeahirishwa hadi Machi 26." Basi, hakuna zaidi. Wewe, ambaye hata kanisani huwa hukubali kusoma matangazo. Ulisema nini? Alikuuliza nini?

Nikampigia Bi. Huseby, jirani yako. Akaniambia, "Muulize mama yako mwenyewe, mimi nilikuwa nalia tu," akakata simu.

Mama, niambie.

Renae wako

*

Nyborg
Machi 22

Mwanangu Renae,

Sisi wazima. Theluji inayeyuka na mtaro wa mbele ya nyumba umejaa. Nimekawia kukuandikia kwa sababu ulistahili kuwa wa kwanza kusikia jambo hili, na hukuwa.

Kila mtu alipewa dakika tatu. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kuzunguka kuta. Nilikuwa na karatasi yangu nzuri kuhusu historia ya nyumba ile, lakini aliyenitangulia akayasema yale yale, na Lowell Brekke alikuwa anatazama saa. Basi nikaikunja.

Nikawaambia kwamba Januari ile ya miaka miwili iliyopita niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikakuta mlango wazi na Orville hayupo. Alitoka na nguo za kulalia na soksi. Duane, anayeendesha gari la kaunti la kusukuma theluji, ndiye aliyemkuta karibu na daraja, anatembea katikati ya barabara. Akamvika koti lake akamleta. Wewe nilikwambia vidole viwili vya mguu vilikatwa kwa sababu ya kisukari. Haikuwa kisukari. Ilikuwa baridi.

Nikawaambia pia kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kumfungia kwa nje nikienda dukani, naye anagonga mlango kwa ngumi akimwita mama yake.

Brekke akaniuliza, "Bi. Tveit, una majirani, una kanisa. Mbona hukuomba msaada?"

"Niliomba. Alipokuwa hospitali nilipiga simu nyumba ya wazee, wakaniambia mlete."

"Nauliza kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo niliona aibu, Lowell. Wewe ungemwambia nani?"

Akaacha kutazama saa. Mwenyekiti akasema dakika zangu zimekwisha. Nikasema najua, nikaketi.

Nimeshafungasha sanduku. Wakiifunga, tutakuja. Hizo ngazi zako nitazishuka kwa makalio ikibidi. Usinikasirikie sana.

Mama yako

*

Nyborg
Machi 26

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima kabisa. Kura tatu kwa mbili. Haifungwi.

Ya tatu ilikuwa ya Brekke. Alisema, "Nilianza jambo hili nikiwa na jibu tayari. Sasa sinalo. Naomba tuipe nyumba miaka mitatu, tushirikiane wauguzi na kaunti jirani, tuone." Mzee mmoja nyuma akamwambia, "Umechelewa Lowell, lakini umefika," na ukumbi mzima ukacheka, hata yeye.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba yako. Nikamwambia, "Orville, unabaki."

"Wapi?"

"Hapa."

"Kwani nilikuwa naenda wapi?"

Nikaketi kwenye kiti cha pembeni yake nikalala. Nililala mchana wote, Renae, mdomo wazi, mbele ya watu. Glenda aliniamsha wakati wa chakula cha jioni. Walikuwa wameniwekea sahani.

Mama yako

*

Tacoma
Aprili 2

Mama mpendwa,

Natumai umeendelea kulala. Sisi wazima.

Kitanda nimekiachia, na siku ile ile kikapata mtu. Habari ya vidole vya Baba nilikasirika siku mbili nzima. Curtis alikuwa akiniona nikiingia jikoni, anatoka. Sasa yamekwisha.

Ila kuna kitu nataka ujue. Barua yako ya kura niliisomea ndani ya gari, nje ya kazini, nikalia, na haikuwa furaha kwa ajili ya Baba peke yake. Nilikuwa naogopa. Sijui kumwogesha Baba. Sijui ningefanya nini kama angeniita kwa jina la mtu mwingine. Niliharakisha kutafuta kitanda ili nisipate nafasi ya kufikiri. Waliposema haifungwi nilishukuru kwa ajili yangu mwenyewe, na najionea aibu.

Nimeomba likizo ya wiki mbili Mei. Nitakuja.

Binti yako, Renae

*

Nyborg
Aprili 9

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, na udongo umelainika. Bi. Huseby ameshaanza kunisema kwamba sijapanda kitu.

Usione aibu. Siku ile nilipomwacha baba yako pale mara ya kwanza, nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikachemsha kahawa, nikamshukuru Mungu kwamba hayupo. Kisha nikala mkate kwa siagi, kipande baada ya kipande, nikiwa nimesimama, mpaka ukaisha. Hilo sikuwaambia hata madiwani.

Njoo hiyo Mei. Utamlisha wewe, mimi nitakaa upande wa pili wa meza niwatazame.

Mama yako