Alama Moja Iliyomhamisha Odhiambo

Jumamosi, Februari 2008. Jua kali, na vumbi la Kawangware limeingia hadi kwenye kibodi. Tangu asubuhi sijaongea na mtu ana kwa ana.

Nilihama Raila, kijiji cha Kibera, mwezi uliopita, fujo za uchaguzi zilipofika mlangoni. Jirani yangu hakunifukuza. Odhiambo, fundi wa sofa tuliyegawana naye ukuta, ndiye alinisindikiza hadi barabarani, kompyuta yangu ameibeba ndani ya blanketi. Na ndiye mtu pekee wa kule ambaye bado ananipigia.

Alikuwa.

Ninaendesha tovuti ya mafundi wa Kibera. Kila fundi ana ukurasa wenye namba yake, picha za kazi na simu. Hakuna chuo kilichonifunza. Nilijifunza nikifagia cyber, duka la intaneti. Juzi nilimhamisha Mutua, fundi viatu, namba 4, aliyekimbilia Riruta. Nikaandika kanuni kwenye seva: anayefungua anwani ya fundi/4 apelekwe kwenye ukurasa mpya wa Riruta. Nikajaribu 4, ikafika. Nikaenda zangu kupika chai.

Sikuweka alama ya dola mwishoni, ile inayoiambia seva kwamba namba inaishia hapo. Kwa hivyo 4 ikabeba na 40 hadi 49. Kurasa kumi na moja badala ya moja! Mafundi wengine walicheka nilipowapigia kuwaeleza. Odhiambo ni 47, na hakucheka.

Alipiga jana mchana.

"Jirani, kwani siku hizi naitwa Mutua?"

Nikacheka. Huyo ndiye Odhiambo wangu, nikadhani.

"Cheka tu. Mteja anataka sofa, anaonyeshwa viatu vya Riruta. Si ungesema tu wateja mnawapeleka kwa watu wenu?"

Watu wenu. Mimi na Mutua sote ni wa Machakos, kabila moja, na yeye si wa kwetu. Siku hizi, ukisema ni alama ya dola, nani atakuamini?

Nilirekebisha papo hapo, nikamwambia aangalie tena. Akaenda cyber ya pale Raila. Bado viatu. Hilo lilikuwa kosa la pili: niliiambia seva kwamba fundi amehama kabisa, na ukisema kabisa, mashine ya cyber inaweka jibu hilo ili isiulize tena. Hapa kwangu sofa zinaonekana. Kule, mimi ni mwongo.

Mwezi mzima nimetukanwa na watu wasionijua. Huyu ananijua.

Na nani aliniambia Mutua amehama kabisa? Yeye hakusema. Niliamua tu, kama vile nilikuwa najua. Leo nimeiandika kanuni upya: amehama kwa muda.

Odhiambo hashiki simu. Kumbukumbu ya cyber ile haifutiki kutoka huku. Lazima mtu akae pale kwenye mashine. Basi kesho, baada ya kanisa, nitaenda Raila niifute yeye akiona. Sijakanyaga kule tangu nihame.

Njia siiogopi sana. Ninaogopa nimkute kazini, ainue kichwa, aniangalie kama mteja.