Fufu Yenye Ilikataa Kushikana

Mujukuu wangu Neema,

Huku Kabondo tuko wazima, mama yako anakusalimia sana. Bon, swali lako limeniamshia hasira ya zamani. Unauliza kwa nini muhogo unatushibisha na mbao hapana, kumbe zote zimejengwa na sukari moja, ile glukozi.

Mimi jibu nililipata kwa kupigwa mgongoni. Nilikuwa mutoto wa miaka kumi na mbili, nasonga fufu, ule ugali wa unga wa muhogo, mpaka jasho, inakatikakatika tu. Mama yangu akaninyang'anya mwiko, akanichapa nao: «Muvivu! Nani atakuoa?» Tukaikula vile vile. Matumbo yalijaa, lakini wadogo zangu walilia njaa.

Kesho yake tonton yangu, ndugu ya mama, muuguzi, akadondosha dawa ya iyodi kwenye ule unga. Chembe za muhogo zikageuka nyeusi, zingine, za mbao, zikabaki njano. Kumbe muuzaji wa soko alichanganya na unga wa mbao, mwizi yule!

Donc, sukari ni ile ile, ila namna ya kushikana ni mbalimbali. Ya muhogo inakunywa maji na kuvutika, na tumbo letu linajua kuifungua. Ya mbao imekazana ili muti usimame. Muchwa ana vijidudu tumboni vya kuifungua, sisi hatuna.

Mama alimutukana muuzaji mpaka watu wa soko wakakusanyika. Akarudi, akaosha mwiko, akautundika. Kwangu, hata neno.

Fufu ikiharibika, mwanangu, jaribu unga kabla ya kumupiga mutoto. Mama yangu alishakufa. Mimi ningali nangoja aniombe samahani.

Koko yako, Zaina