Amplifaya Yako Haiji Kalgoorlie

Mtaa wa Marlow 18,
Port Kembla.
9 Novemba 2022

Mpendwa Kaka Vern,

Pokea salamu nyingi kutoka huku pwani. Goti lako linaendeleaje na ngazi za mgodini huko Kalgoorlie? Na Shemeji Raelene, bado anakunyima chumvi? Sisi hatujambo, ukiacha mgongo wangu, ambao siku hizi huamka kabla yangu ili uanze kulalamika mapema.

Kwenye simu uliniuliza kama naitumia amplifaya yako ya gitaa au imekuwa nyumba ya buibui, uje uichukue. Nilikukwepa, maana ungenikatiza kila neno. Kwenye barua huna njia.

Ukweli ni kwamba tangu Pasaka ilikuwa gereji, imefunikwa shuka la maua. Nilinunua kisanduku cha kidijitali, kidogo kama boksi la viatu. Unakikanyaga, kinaiga sauti ya amplifaya yoyote, hata hiyo yako yenye taa za kioo za kizamani ndani, kisha kinaipeleka moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Shemeji Dessie alinicheka akiwa nyuma ya dramu zake: "Clem, umemwacha mke ukaoa picha yake." Nikamjibu kwamba picha haivunji mtu kiuno ngazini. Na nakuapia, kaka, ukifumba macho hujui kipi ni kipi.

Basi ikafika Jumamosi ya nusu fainali ya raga. Tulikuwa tunapiga muziki kwenye baa ile ya karibu na gati. Timu ya watu wa kiwandani ilikuwa imefungwa, na watu wa bandarini walikuja kuwafariji kwa matusi. Sheria yetu unaijua: ngumi zikianza, bendi haisimami. Muziki ukiendelea, wanapigana wawili tu, wengine wanatazama jukwaa. Ukikatika, kila mtu anageuka, na kila anayegeuka anakumbuka ana kinyongo na mtu.

Jagi la bia likapasukia kichwani mwa Jory, kijana wa bandarini. Kipande cha kioo kikamfungua paji la uso, damu ikamziba macho, akaanguka huku anarusha ngumi hewani. Sisi tukaongeza kasi, kama kawaida. Aliyempiga akarukiwa, akanyanyuliwa na kutupwa juu ya meza ya mitambo ya sauti. Meza ikavunjika katikati, nyaya zikachomoka, spika zote za ukumbi zikafa.

Kisanduku changu hakikuharibika hata kidogo. Kilikuwa pale miguuni kinameremeta kwa taa za rangi zote, kinaiga sauti kwa ustadi wa ajabu, na hakuna aliyekuwa anaisikia. Amplifaya yako ingekuwa nyuma yangu inanguruma yenyewe, haina haja ya meza ya mtu.

Ukumbi ukageuka. Kaka, nimezeeka kwenye baa lakini sijawahi kuona vile. Mtu alisagwa uso kwenye meza ya biliadi mpaka kitambaa kikabadilika rangi. Mwingine aling'atwa sikio akapiga yowe kama breki za treni. Mimi nilijikinga kwa gitaa, nikiwa shujaa kama unijuavyo, na bado ngumi ikapita juu ya nyuzi ikanitoa jino. Lile zuri.

Dramu hazihitaji umeme, kwa hiyo Dessie akaendelea peke yake. Aliishika sheria yetu mwenyewe, jasho linamtiririka, hataki kuacha. Ndipo kaka yake Jory akapanda jukwaani na stuli ya chuma. Anaitwa Brogan, pande la mtu linalofunga kamba za meli.

"We mzee! Mdogo wangu anavuja damu, nawe unampigia ngoma?"

Dessie masikio yake yaliisha zamani, hakusikia neno. Akamtabasamia.

Stuli ikashuka. Mara ya kwanza ilimpata mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukivunjika. Ya pili ilimchana kichwa. Ya tatu ingemuua, sina shaka, ila mkewe Noelene alikuwa pale anauza tiketi za bahati nasibu ya nyama. Dada yetu alichukua paja la kondoo la zawadi, bado gumu kwa barafu, akampiga Brogan nalo nyuma ya sikio. Alianguka kama gunia, juu ya kisanduku changu. Taa zote zikazimika.

Dessie alitiwa vyuma mkononi. Kwa wiki nyingi vidole viwili havikujua ni vyake. Hakuwahi kunilaumu, ila siku moja hospitali, akigeukia ukutani, aliniuliza polepole: "Clem, na kama sitashika kijiti tena, nitakuwa nani?" Nilirudi nyumbani, kaka. Nikaenda gereji nikatoa shuka la maua.

Brogan naye alikuja na Jory nyumbani kwa Noelene, mmoja ameshonwa paji, mwingine sikio bado jeusi. Alilia mlangoni, mwili wote ule. Noelene akamwambia, "Machozi kafutie nje. Unajua kubeba vitu?"

Jumamosi iliyopita tulipiga tena. Dessie alikamata kijiti, akakidondosha, akakamata. Mwishoni alikidondosha mara chache kuliko mimi nilivyokosea noti. Nyuma yangu zilikuwa zinawaka taa zako za kioo.

Kwa hiyo haiji Kalgoorlie. Nisalimie Raelene na Shangazi Thelma. Noelene anauliza kama huko kuna paja zuri la kondoo. Mungu akuteremshe salama kila asubuhi, akupandishe salama kila jioni.

Na usiulizie mgongo wangu. Amplifaya sasa ni mzigo wa Brogan, kila Jumamosi, ngazi zote, na Dessie anatembea nyuma yake akimwambia, "Taratibu."

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikaripia,
Clem