Fremu Nne Zisizo na Saini

Papa,

Jina lako siliandiki. Unamkumbuka yule bibi Mwaborijini kutoka jangwa la Australia, aliyechora wiki nzima kwenye karakana yetu ya fremu hapa mtaani Anderlecht? Alituambia kwao marehemu hatajwi jina. Ukacheka: "Bon, mimi mutanitaja tu." Leo nashindwa, kwa hasira.

Alichora kaketi chini, kitambaa sakafuni, akikizunguka pande zote nne. Kisima cha nyanya yake: duara katikati, nukta maelfu. Mwanafunzi mmoja akaomba afundishwe kukichora, bibi akakataa. Kisima ni cha ukoo wake, asiyekirithi hana ruhusa. Ukaninong'oneza, "Mutoto, unaona? Huyu anachora hati ya shamba."

Tangu ufe, kiti chako nimekisogeza dirishani. Sikikalii.

Wiki iliyopita Madame wa duka la picha, mteja wetu wa siku zote, kaleta picha nyingine ya kisima kile, mpya, tuitie fremu, na cheti juu kwamba kaichora bibi yule. Nikaigeuza, nikaangalia mgongo kwanza kama ulivyonifundisha, kisha mbele. Rangi imechirizika, na michirizi yote inashuka upande mmoja. Hii imechorwa imeegemezwa ukutani. Bibi yule, na magoti yale mabovu, asimame? Thubutu.

Nikaanza kushuku kila kitu. Nikamwambia Madame nataka kukaza skrubu za picha zake za zamani, akanifungulia stoo. Visima vinne, vyote na michirizi ileile. Vyote ndani ya fremu zako, Papa, kazi ya mkono wako naijua. Nikahofia umekula na waghushi hao.

Wewe ulisaini kila fremu kwa penseli, nyuma, kona ya chini, hata zile za picha za komunyo. Nikapapasa zote nne kwa kidole. Hamna kitu.

Kumbe ulijua ni za bandia, ndiyo maana hukuweka jina! Ukatengeneza, ukanyamaza, nami napiga msasa pembeni yako nikikuona mtu safi.

Jana nimemrudishia Madame picha yake bila fremu. Akasema, "Papa yako hakuwa na matatizo haya." Nikamwandikia bibi kwa anwani aliyotuachia, na picha za michirizi ndani. Akiuliza nani alitengeneza fremu, nitasema nini? Nimeshamwambia. Jina lako nimeliandika huko, mara moja tu.

Pumzika, Papa. Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniuma. Fremu zangu nitazisaini zote. Nisiyoweza kuisaini, sitaitengeneza.

Mutoto wako wa karakana