Haikuwa ule udongo nilikula

Jumanne. Mvua inanyesha tangu asubuhi hapa Nyabiondo, milima haionekani, na mimi niko na furaha mpaka naona haya kuiandika.

Leo nimekojoa bila kulia.

Acha niseme yote, juu najua kuko mama mwingine anajificha kama vile nilijificha. Nilipomuzaa Neema, mukojo uligoma kutoka. Wakaniwekea sonda, ule mupira mudogo wa kupitishia mukojo, ukakaa siku mingi. Nilipofika nyumbani nikaanza kuungua. Mukojo ulinuka sana, na vipande vyeupe vilitoka ndani, kama chokaa iliyovunjika. Miezi saba. Kumufunga Neema mugongoni nilishindwa, kitenge kikikaza tumbo natetemeka.

Sasa, wakati wa mimba nilikula udongo mweupe, ule wa sokoni, kila siku. Mama mukwe alikuwa amenikataza, nikala kwa kujificha. Nilipoona vile vipande nikajua tu: njo udongo unatoka. Nikanyamaza. Nikapunguza hata kunywa maji, ili nisikojoe.

Ujinga wangu.

Mama mukwe njo aliona ndoo niliyokuwa nakojolea, siku moja sikuwahi kuimwaga. Hakunigombeza. Alinipeleka hospitali ya Goma, yeye amemubeba Neema njia yote.

Dokta alisikiliza mambo yangu ya udongo, akatabasamu. "Hapana mama, udongo hauendi kwenye kibofu. Hii ni mikrobe, kadudu ka kuleta ugonjwa, tunaiona mara chache sana. Inageuza mukojo, chumvi yake inakamata kwenye kibofu kama ukoko kwenye sufuria. Pengine iliingia na sonda."

Mama mukwe akashusha pumzi. "Aksanti, Dokta. Juu hata mimi niliukula, mimba zote sita."

Nilimuangalia. Akaangalia dirisha.

Wakaingiza kamashini kadogo, wakakwangua ule ukoko. Kisha sindano za mushipa siku mingi, na dawa za kurudisha mukojo sawa. Leo wamepiga simu kutoka labo, kule wanapima mukojo: mikrobe haionekani tena.

Aksanti Mungu. Aksanti Dokta. Aksanti yule mama mwenye kuangalia dirisha.

Mwezi kesho tunarudi kupimwa, juu inaweza kurudi. Ndiyo, naogopa kidogo. Lakini ikinichoma tena, nitamwambia mama mukwe siku ileile, hata kabla ya kumwambia bwana yangu.