Sharti la Bibi Tufool juu ya Gari la Dizeli

Birkat al Mauz,
Nizwa, Oman.
Jumapili, 26 Januari 2025.

Mpendwa ndugu yangu, na sasa shemeji yangu, Firas,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta huko Kansas ukiwa mzima wa mwili na mkunjufu wa moyo, na kwamba theluji uliyotuonesha pichani haijakuzibia mlango. Kikohozi je, kimepona? Mama ameniamuru nikuulize kikohozi kwanza, ndipo niendelee na mengine, nami nimetii. Sisi sote ni wazima, alhamdulillah. Mvua imenyesha Jebel Akhdar, falaji, ule mfereji wetu wa kumwagilia, umejaa, na Bibi Tufool anaizungukia migomba yake kila asubuhi kama mkaguzi wa serikali.

Pokea pongezi zangu. Umeoa! Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, mimi niliye walii wa Reem tangu baba yetu Asaad alipotutangulia, Mungu amrehemu, nilikuoza dada yangu mbele ya Sheikh na mashahidi, na baba yako akampokea kwa niaba yako. Tangu siku hiyo natembea nikicheka peke yangu barabarani, na majirani wameanza kunitazama vibaya.

Najua baba yako, Ami Zuhair, amekuambia kwa simu mambo mawili tu: kwamba ndoa imefungwa, na kwamba usiliguse lile gari mpaka barua yangu ikufikie. Nisamehe kwa kukukalisha juu ya makaa. Bibi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kwa maneno yake, habari za ndoa huandikwa, na simu ni ya kuulizana bei ya samaki.

Nianze pale fitina ilipoanzia. Ulipotutumia picha ya gari dogo la dizeli ulilomnunulia Reem, ulidhani umetuletea furaha. Kumbe umewasha moto ndani ya nyumba. Bibi alivaa miwani, akaitazama picha, akauliza gari linatumia nini. Nilipomwambia dizeli, akavua miwani.

“Dizeli ni ya matangi ya maji na malori ya kokoto,” alisema. “Na ya ile mashine ya kusaga, tulipokuwa tukiishi Tabora, iliyokuwa ikituziba masikio. Mjukuu wangu anamwoa mjukuu wangu, halafu anampakia kwenye mashine ya kusaga?”

Ami Saud alikuwapo, na wamjua ami yetu na ile V8 yake. “Maskini Firas,” akasema. “Marekani yote ile, kaambulia kiatu!”

Hapo hapo Bibi akatoa amri. Siku ya milka, yaani ya kufunga ndoa, Sheikh akiuliza kama walii ana sharti, mimi nitaje la kwake: kwamba Firas auze gari lile, anunue kubwa linalomstahili mke. Nawe, kwa utiifu wako, ukajibu kwamba umekubali, na kwamba utalibadilisha kwa pikapu kubwa ya petroli kwa mkopo.

Nilipoyasoma majibu yako, Firas, nilisikia uchungu. Ili kulipa mkopo ule ungeuza na gari lako la kazini, mkabaki na gari moja tu, nalo ungeondoka nalo kwenda kazini kabla ya jua kutoka. Reem, aliyepata nafasi ya kusomea ufamasia katika mji ulio mbali na mji wenu, angekwenda na nini, katika nchi tambarare isiyo na basi la kumfikisha? Angekaa dirishani akitazama theluji, na shahada yake ingeyeyuka pamoja nayo. Yeye mwenyewe aliona haya kumwambia Bibi. Mimi nilijaribu mara mbili, na mara mbili nikaambiwa nikanyweshe migomba.

Sasa niruhusu nipande jukwaani kidogo, maana wewe ndiwe msikilizaji pekee usiyeweza kuninyamazisha. Ni nani aliyewafundisha Wamarekani kwamba mtu mmoja, mwenye mkoba mmoja na kikombe kimoja cha kahawa, anahitaji chombo cha watu saba ili afike ofisini? Katika Ulaya familia nzima zimesafiri miaka na miaka kwa magari madogo ya dizeli, zikavuka milima na mipaka, zikafika. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ndani yake kuliko lita ya petroli, na injini yake huibana hewa kwa nguvu, ikaikamua ile nguvu vyema zaidi. Matokeo yake ni robo ya safari, pengine theluthi, juu ya ile ambayo petroli ingekupa. Taifa linalolalamika kila mafuta yanapopanda lina dawa mkononi, nalo linaiacha kwa sababu ni ndogo na haing’ai!

Watakutajia udanganyifu, nami sitaki uufiche. Ni kweli, waliuzwa magari ya dizeli yaliyotegwa ili yaonekane safi kwenye vipimo na kuchafua hewa barabarani. Aibu ile ni ya walaghai walioitega mitambo, na adhabu waliistahili. Je, mfanyabiashara akipunja mizani, watu huacha kula mchele? Hudai mizani ya haki. Dizeli inayouzwa kwenu leo imeondolewa salfa karibu yote, na bomba lina kichujio cha masizi. Aliye na gari zima akaangalia vichujio vyake hana la kuonea haya.

Watakutajia umeme pia. Siku vituo vya kuchajia vitakapojaa kwenye njia ya Reem, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini masomo yake yanaanza mwaka huu. Wala usidhani nawasema Wamarekani peke yao; sisi tunaoyachimba mafuta ndio tunaoyamwaga bila huruma, na hili nimelisema chuoni mpaka nikaombwa niketi.

Basi, njoo nikupeleke Sur. Kwa kuwa baba yako hawezi safari tangu alipopasuliwa goti, tulikubaliana milka ifanyike kwenu. Tuliondoka hapa Ijumaa asubuhi, msafara wa magari makubwa, mbele yetu V8 ya Ami Saud ikiwa imembeba Reem na Mama. Mimi nilikuwa mkiani na lile gari dogo la dizeli alilotuachia mhadhiri wetu Mjerumani aliporejea kwao, ambalo mimi na wenzangu tuliifungua injini yake na kuifunga upya.

Bibi alitakiwa apande V8. Kile chuma, wajua mwenyewe, hupandwa kwa kigoda, na magoti ya Bibi yaligoma mbele ya mtaa mzima. Akatazama huku na huku, akavuta shela usoni, akaja kwenye gari langu, akaketi bila kushikwa mkono.

“Ole wako mtu akiniona humu,” akaniambia.

“Nitasema nimekuteka nyara, Bibi.”

“Sema hivyo hivyo.”

Tulipoipita Sinaw nikaona nafasi imepatikana. Nikamtolea hotuba yote: Ulaya, Marekani, hewa, uchumi, haki ya vizazi vijavyo. Bibi akaisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijapata kutokea.

“Umesema vizuri,” akasema. “Sasa nijibu jambo moja. Firas akienda kazini na hilo gari kubwa, Reem atakwenda chuoni na nini?”

Nikamwambia ukweli.

“Mbona mwenyewe hakuniambia?”

“Anakuogopa.”

“Ananiogopa mimi? Mimi ninayemsuka nywele?” Akageukia dirishani. Nikadhani amekasirika. Nilipomtazama tena, Bibi amelala, shela limemteleza, mdomo wazi.

Firas, pale Ibra ndipo safari ilipogawanyika. Ami Saud alikuwa ameondoka na tangi nusu, akaingia kituo cha mafuta, na msafara mzima ukamfuata, kwani nani atamwacha bibi harusi nyuma? Mimi sikuwa na haja ya mafuta, wala sikutaka kumwamsha Bibi. Nikampigia Ami simu. “Tangulia na kiatu chako,” akasema. “Tutakupita kabla ya Kamil.”

Lakini wawajua watu wa Ibra. Ami alikuwa bado ameshika mkono wa pampu alipotokea rafiki yake Thuwaini, akaona magari, akaona wanawake waliopambwa, akaapa wallahi hapiti mtu mlangoni kwake bila kahawa. Kupita bila kuonekana ni halali. Kuonekana ukakataa ni kumtukana mtu mbele ya wanawe. Wakaenda wote, magari yote, nyumbani kwa Thuwaini.

Sisi tukafika Sur peke yetu. Wanawake wa kwenu walikuwa wamejipanga mlangoni, na walipoona gari linaingia wakapasua vigelegele, ngoma ikalia, marashi yakamwagwa kioo cha mbele nisione njia. Mama yako akafungua mlango kwa furaha amkumbatie mkwewe, akakuta mama mkwe wake, ndiyo kwanza anaamka.

“Haya,” Bibi akasema, “bibi harusi nimefika. Mahari yangu yako wapi?”

Walicheka mpaka aliyeshika ngoma akaiangusha. Baba yako alisikia kutoka majlisi, ile sebule ya wanaume, akauliza kuna nini, wakazidi kucheka.

Kicheko kilikoma Sheikh alipotazama saa. Alikuwa na ndoa nyingine Ras al Hadd, na huko nako watu walikuwa wanamngoja. Nikampigia Mama simu Ibra. “Maen,” akaninong’oneza, “tumeinuka mara tatu, na mara tatu wametukalisha. Sasa wamechinja.”

Wamechinja! Nikajua hawafiki kabla ya usiku. Sheikh akasema kwamba walii yupo, wakili wa bwana harusi yupo, mashahidi wapo, na ridhaa ya Reem alikwisha isikia wiki iliyotangulia. Hata hivyo akataka aisikie tena, simu ikawekwa kwenye spika. “Nimeridhia,” akasema Reem, kwa sauti ya mtu mwenye halwa mdomoni, na nyuma yake tukamsikia Thuwaini akipiga kelele, “Jibuni upesi, nyama inapoa!”

Kisha Sheikh akanigeukia. “Walii, una sharti?”

Nilisimama. Ndugu yangu, mimi niliyezoea kusema mbele ya kumbi zilizojaa nikawa napindapinda pindo la kanzu yangu. Nilikuwa na amri ya Bibi, na Bibi hapingwi. Nikilitaja sharti lake, kwa ulimi wangu mwenyewe namfungia dada yangu mlango wa chuo. Nisipolitaja, nimemwasi mama wa baba yangu siku ya furaha yake. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

“Maen!” Sauti ilitoka nyuma ya pazia la wanawake. “Lile usiliseme.”

Vichwa vyote vikageukia pazia.

“Sheikh, andika hivi,” akasema Bibi. “Firas asiliuze gari lake dogo, wala asilibadilishe, mpaka Reem amalize masomo. Na funguo ziwe za Reem.”

Baba yako alishikwa na butwaa. “Mama, si wewe uliyesema mashine ya kusaga?”

“Nilisema. Nimelala ndani yake mpaka hapa Sur. Wewe Zuhair, tangu nikuzae, umepata kuniona nikilala garini?”

“La, Mama.”

“Na lile la Saud liko wapi?”

Watu wakaficha nyuso kwa vilemba, wasionekane wakicheka. Bibi akaendelea, kwa upole sasa: “Mtoto anakwenda mbali na kwao. Sitaki awe anasimama kila mara kwenye vituo vya mafuta, peke yake, kwenye baridi, kati ya watu asiowajua. Nataka liende mpaka limfikishe. Zuhair, unakubali au hukubali?”

“Nimekubali kwa niaba ya mwanangu,” akasema baba yako, na Sheikh akaandika, akatufungia ndoa, akakimbilia Ras al Hadd akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

Msafara uliingia baada ya isha. Reem aliteremka kutoka V8 akiwa mke wa mtu, akauliza kwa upole kama kuna nafasi ya kuhudhuria ndoa yake. Nilipomwambia sharti lililoandikwa, alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akalaza kichwa mapajani pake, wakakaa hivyo. Ami Saud naye alikuja na paja la mbuzi la kuombea radhi. Aliponikuta peke yangu alilizunguka gari langu, akaligonga tairi kwa mguu, akaniuliza kwa sauti ya chini linakwenda umbali gani kwa tangi moja. Nilimjibu. Amenikataza kumwambia mtu. Nami nakuandikia wewe tu.

Kwa hiyo, shemeji, umefungwa kisheria. Kama umekwisha weka tangazo la kuliuza, liondoe leo. Majira ya baridi yakiwa makali weka dizeli ya baridi, maana ya kawaida huganda, na angalia betri. Usilitumie kwa safari fupi za dukani, kichujio kitaziba. Dizeli hupenda njia ndefu, na ya Reem ni ndefu ya kutosha. Ukiwasikia wenzako kazini wakilicheka, wape hotuba yangu. Una ruhusa ya kuirefusha.

Mama yangu Shukriya anakusalimu na kukusisitizia asali kwa kikohozi. Ami Saud anakusalimu, bila kutaja magari. Baba na mama yako ni wazima, goti linaendelea vyema. Bibi anakuombea Mungu akupe riziki ya halali, nyumba yenye kicheko na watoto wasiokaidi, nami naitikia amin, hasa hilo la mwisho.

Reem yuko hapa kando yangu, na ameniomba niongeze jambo moja kabla sijafunga bahasha: kiti cha dereva ukisogeze mbele, yeye ni mfupi kuliko wewe.

Wako akupendaye, ndugu na shemeji,

Maen bin Asaad